Ronald Ngala na Mabaraza Mawili ya Kenya

Nyuma ya mji wa Mombasa, mtu akiiacha bahari na kushika njia ya magharibi, huingia katika nchi ya Wagiriama, ambao ni kabila moja la Miji Kenda. Ni nchi ya minazi, mihogo na mahindi. Mvua yake si kama mvua yetu ya Rungwe, ambayo mwezi wa Aprili hutunyima jua siku nyingi. Huko mwaka mmoja hunyesha vema, na mwaka wa pili watu hutazama mbingu bure. Mwaka 1914 Wagiriama walipigana na Waingereza, kwa sababu hawakupenda vijana wao watwaliwe kwenda kazi ya kibarua katika mashamba ya wageni. Mwanamke mmoja, jina lake Mekatilili wa Menza, ndiye aliyekuwa amewatia moyo wakatae. Walishindwa, nyumba zao zikachomwa, wakatozwa faini. Watoto waliozaliwa baada ya vita ile walikua wakisikia habari zake, nao wakafahamu mapema jinsi kabila dogo linavyoweza kuamuliwa mambo yake na watu ambao halikuwachagua.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Ronald Gideon Ngala. Alizaliwa yapata mwaka 1923 katika wilaya ya Kilifi. Alipokuwa amefaulu masomo yake ya kwanza alipelekwa Alliance High School, Kikuyu, karibu na Nairobi, shule iliyokuwa ikipokea vijana wachache tu kutoka nchi nzima ya Kenya. Kutoka huko akaenda Makerere katika nchi ya Uganda, akajifunza kazi ya ualimu. Aliporudi kwao akafundisha, akawa mkuu wa shule, kisha akawa mwangalizi wa shule za Mombasa. Mwaka 1949 alitoa kitabu kidogo kwa Kiswahili juu ya nchi na desturi za Wagiriama, ili watoto wa kabila lake wasome habari za kwao badala ya kusoma habari za wafalme wa Ulaya peke yake. Sisi walimu tunapenda kukumbuka jambo hili, maana wengi wanaomtaja Ngala humtaja kwa siasa tu, na kusahau ya kuwa muda mrefu mikono yake ilikuwa na vumbi la chaki.

Siku zile Kenya ilitawaliwa na Gavana wa Mwingereza pamoja na Baraza la Kutunga Sheria. Katika baraza hilo Wazungu, ambao walikuwa wachache sana katika nchi, walikuwa na viti vingi. Na Waafrika, ambao walikuwa mamilioni, hawakuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Hata mwezi wa Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao, watu 8 kwa nchi yote. Tena si kila Mwafrika aliyeruhusiwa kupiga kura. Sharti mtu awe na elimu fulani, au mali, au kazi ya kuheshimiwa. Na aliyekuwa na sifa nyingi alipewa kura mbili au hata tatu, hali jirani yake hana hata moja. Pwani ikamchagua Ngala. Wenzake walikuwa akina Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, ambaye naye alikuwa mwalimu.

Wajumbe hao 8 walikataa kupokea kazi yoyote ya uwaziri mpaka viti vya Waafrika viongezwe. Walishikamana vizuri kwa muda, maana adui alikuwa mmoja. Mwezi wa Januari 1960 waliitwa London, katika jumba liitwalo Lancaster House, wakutane na Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Waafrika wakamchagua Ngala awe mkuu wa ujumbe wao, na Mboya awe katibu. Wengi walistaajabu kwamba watu wa makabila makubwa walikubali kuongozwa na mtu wa kabila dogo la pwani. Lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kumchagua, kwa kuwa wakubwa hawakuaminiana, na Ngala alikuwa mtu wa maneno ya taratibu asiyetisha mtu. Katika mkutano huo iliamriwa ya kuwa katika baraza jipya la wajumbe 65 Waafrika watakuwa wengi. Mlango wa uhuru ukawa umefunguliwa.

Na hapo ndipo shida nyingine ilipoanza. Mtu akijua kwamba mwenye nyumba mgeni atatoka, huanza kuuliza nyumba itakuwa ya nani. Wakikuyu na Wajaluo walikuwa wengi, tena walikuwa wamesonga mbele katika elimu na katika siasa. Wao pamoja na wengine wakaunda chama cha KANU mwaka 1960. Ngala na Moi walichaguliwa kuwa watunza fedha wa chama hicho pasipo wao kuwapo, nao wakakataa. Mwezi wa Juni mwaka ule ule makabila madogo yakakutana Ngong, wakaunda chama chao, KADU. Humo walikuwamo Wakalenjin, Wamasai, Miji Kenda, na Waluhya wengi. Ngala akawa rais wa chama.

Hofu yao ilikuwa nini? Hasa ilikuwa ardhi. Wazungu walikuwa wametwaa nyanda nzuri za Bonde la Ufa, ambako zamani Wamasai na Wakalenjin walilisha ng'ombe zao. Wazungu wakiondoka, ardhi ile itarudi kwa nani? Ikiwa mambo yote yataamuliwa Nairobi kwa wingi wa kura, basi makabila yenye watu wengi yatagawa nchi yapendavyo, na wachache watabaki kutazama. Ngala hakuwachukia Wakikuyu wala Wajaluo. Alisoma nao, alikaa nao katika baraza. Lakini alihesabu, na hesabu ilimwogopesha.

Wapinzani wake walisema mengine, nao hawakukosa hoja. Walisema KADU inataka kuigawanya nchi vipande vipande kabla haijazaliwa, na kwamba nchi maskini haiwezi kulisha serikali nyingi. Tena walionyesha ya kuwa Wazungu wengi walowezi waliipenda KADU na kuisaidia. Jambo hilo lilikuwa kweli. Walowezi walikuwa na hofu yao wenyewe, nao waliona kwamba ukuta utakaowakinga wachache weusi utawakinga na wachache weupe pia. Ngala alipokea msaada wao, na jambo hilo likamharibia jina mbele ya watu wengi waliokuwa wakiteseka chini ya walowezi hao hao.

Mwezi wa Februari 1961 kura zikapigwa. KANU ikapata viti 19 vya wazi, na KADU 11. Lakini KANU ilikataa kuingia katika serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe, ambaye alikuwa amefungwa tangu mwaka 1952, kisha amewekwa mbali kaskazini. Gavana Renison hakukubali. Basi Ngala, baada ya kusitasita, akakubali kuunda serikali pamoja na wajumbe wa Kizungu na wa Kihindi, na Gavana akaongeza wajumbe wa kuteuliwa ili serikali hiyo isishindwe kura. Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kenyatta aliachiliwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, wakati wa serikali ya Ngala, na miezi michache baadaye akawa mkuu wa KANU. Kwa hiyo Ngala alisaidia kumfungulia mlango mtu ambaye angekuja kumshinda. Naona si haki kulisahau hilo, ijapokuwa ni kweli pia ya kuwa nchi nzima ilikuwa ikidai jambo hilo, na serikali yake isingaliweza kusimama bila kulitenda.

Sasa wanafunzi sharti waelewe lile neno lililokuwa kinywani mwa KADU kila siku, yaani majimbo. Ngala na wenzake walitaka nchi igawanywe katika majimbo, na kila jimbo liwe na baraza lake, askari wake, na amri juu ya ardhi yake. Tena Bunge la nchi liwe na mabaraza mawili. Moja lihesabu watu, na la pili lihesabu mahali. Walimwita mwanasheria wa Uswisi awashauri, kwa kuwa Uswisi ni nchi ya lugha nyingi na vijimbo vingi vilivyokaa pamoja muda mrefu.

Shauri hili halikubuniwa Kenya. Mwaka 1787 wajumbe wa Marekani walikutana katika mji wa Philadelphia kutengeneza katiba yao. Nchi kubwa, kama Virginia, zilitaka viti vya Bunge vigawanywe kwa hesabu ya watu. Nchi ndogo, kama New Jersey, zilitaka kila nchi iwe na sauti sawa na mwenzake. Wakabishana majuma mengi katika joto la kiangazi, hata ikaonekana watatawanyika. Ndipo watu wa Connecticut, na hasa mzee mmoja jina lake Roger Sherman, wakashikilia shauri la kati: nyumba moja ihesabu watu, na nyumba ya pili ipokee wajumbe sawasawa kutoka kila nchi. Tarehe 16 Julai shauri hilo likapita kwa nchi 5 juu ya 4. Lakini mapatano yale yalikuwa na doa jeusi ndani yake. Katika kuhesabu watu, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, ili mabwana zao wapate viti zaidi, na watumwa wenyewe hawakuwa na kura hata nusu. Ndivyo watu wawili wenye nguvu wanavyoweza kupatana vizuri, na gharama ikalipwa na wa tatu ambaye hakualikwa.

Hata hapa kwetu shauri hili si geni kabisa. Zamani katika nchi ya Wanyakyusa kila kijiji kilikuwa na fumu wake, kiwe kikubwa kiwe kidogo, na mafumu wote walikaa mbele ya malafyale na kusema. Hakuna aliyewauliza kwanza wana nyumba ngapi nyuma yao. Siku hizi wazee wa Matwebe wakikutana juu ya barabara au juu ya daraja, swali lile lile hutokea: je, tuhesabu vichwa, au tuhesabu vitongoji? Anayekaa katika kitongoji kikubwa husema tuhesabu vichwa. Anayekaa katika kitongoji kidogo hujibu kinyume, na wote wawili husema haki.

Turudi London. Tarehe 14 Februari 1962 mkutano wa pili wa Lancaster House ulianza, chini ya Waziri Reginald Maudling. Ulikaa majuma saba, mpaka tarehe 6 Aprili, katika baridi ya Uingereza. Upande mmoja alikaa Kenyatta na watu wa KANU, waliotaka baraza moja na serikali moja yenye nguvu. Upande wa pili alikaa Ngala na watu wa KADU, waliotaka majimbo na baraza la juu lenye uwezo wa kuzuia. Siku nyingi zilipita bila kusogea. Waingereza waliona kwamba wakiwapa KANU kila kitu, Bonde la Ufa na pwani zitakataa. Na wakiwapa KADU kila kitu, serikali ya Nairobi itakuwa kama mtu aliyefungwa mikono.

Mwisho wakapatana. KADU walipata majimbo yenye mabaraza yake, na walipata mabaraza mawili ya Bunge. KANU walipata serikali ya katikati yenye fedha na nguvu kubwa kuliko vile KADU walivyotaka. Baraza la chini, lililoitwa Baraza la Wawakilishi, lingekuwa na wajumbe 117 wa kuchaguliwa kwa hesabu ya watu, na wengine 12 waliochaguliwa na wajumbe wenyewe. Baraza la juu, yaani Seneti, lingekuwa na wajumbe 41: mmoja kutoka kila wilaya katika wilaya 40, na mmoja wa mji wa Nairobi. Wilaya yenye watu wengi ilipata mmoja, na wilaya ya jangwani yenye wafugaji wachache ilipata mmoja. Kila seneta angekaa miaka 6, na theluthi yao wangetoka kila baada ya miaka 2, ili baraza lisibadilike lote kwa mara moja kwa sababu ya upepo wa uchaguzi mmoja.

Seneti haikuwa na nguvu ya kuua sheria za kila siku. Iliweza kuzichelewesha tu. Nguvu yake yenyewe ilikuwa mahali pengine, na hapo ndipo Ngala alipoweka tumaini lake lote. Iliandikwa kwamba mtu akitaka kubadili katiba sharti apate robo tatu ya kura katika mabaraza yote mawili. Na akitaka kugusa yale mambo makubwa, yaani majimbo, wilaya, na Seneti yenyewe, basi katika Seneti sharti apate kura 90 katika kila 100. Chukueni kalamu mhesabu. Sehemu 90 katika mia ya maseneta 41 ni 36 na sehemu 9 za kumi. Mtu hawezi kugawanyika, kwa hiyo zatakiwa kura 37. Maana yake ni kwamba maseneta 5 tu wakisimama pamoja na kukataa, nchi nzima haiwezi kuwapita kwa njia ya Bunge. Kabila dogo haliwezi kamwe kuwa nusu ya nchi. Lakini huweza kupata watu 5.

Hivyo ndivyo hofu ya wachache ilivyogeuzwa ikawa hesabu, na hesabu ikawa sheria. Kwa maoni yangu hakuna mtu mwingine katika Afrika ya Mashariki siku zile aliyeifanya kazi hiyo kwa uvumilivu kama Ngala.

Waliporudi Kenya, vyama vyote viwili vikaingia katika serikali moja ya muda. Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri wa nchi pamoja, kila mmoja akiangalia sehemu ya mambo ya katiba, na bila shaka kila mmoja akimwangalia mwenzake. Tume ikatumwa kuzunguka nchi ili iweke mipaka ya majimbo, na watu wa kila mahali wakaja kueleza wanataka kukaa na nani na hawataki kukaa na nani. Yakawa majimbo 7, pamoja na mji wa Nairobi peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine la pwani lililomgusa Ngala zaidi ya wengine. Mwambao wa Kenya, upana wa maili 10, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar tangu zamani, na Waingereza waliutawala kwa niaba yake. Watu wengine wa Mombasa na Malindi, hasa Waarabu na Waswahili, walitaka mwambao ujitenge na Kenya. Ngala alikataa. Aliona ya kuwa mwambao ukijitenga, Miji Kenda wanaokaa nyuma yake watakatwa na bahari. Yeye alitaka pwani yote iwe jimbo moja ndani ya Kenya. Mwezi wa Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walitia sahihi mapatano ya kuwa mwambao utakuwa sehemu ya Kenya. Basi mtu aliyeshutumiwa kuwa mgawanyaji wa nchi, katika jambo hili alikuwa mtetezi wa umoja wake.

Mwezi wa Mei 1963 uchaguzi ulifanyika. Katika Baraza la Wawakilishi KANU ilishinda kabisa: viti 83, na KADU 33. Lakini tazameni Seneti. Huko KANU ilipata 18 na KADU 16, na vichache vikaenda kwa wengine; viti 3 vya kaskazini-mashariki vikabaki vitupu, kwa sababu Wasomali wa huko walitaka kujiunga na Somalia wakakataa kupiga kura. Nchi ile ile, mwezi ule ule, ilipohesabiwa kwa watu ilionekana ina mshindi mmoja. Ilipohesabiwa kwa wilaya ilionekana imegawanyika karibu sawasawa. Hesabu zote mbili zilikuwa za kweli.

Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na Ngala akawa mkuu wa upinzani. Viongozi wa KANU hawakuficha sana ya kuwa waliikubali katiba ile ili uhuru usicheleweshwe, wakiwa na nia ya kuibadili baadaye. Tangu mwanzo serikali ilikawia kuyapa majimbo fedha na madaraka yaliyoandikwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule walirudi London mara ya tatu, na KANU wakadai kufuli lilegezwe. Ngala na wenzake walipiga kelele, hata kukawa na maneno ya kutenga majimbo yao. Walakini Waingereza walisikiliza upande wenye watu wengi. Ikaongezwa njia nyingine: Seneti ikikataa, wananchi waulizwe kwa kura ya wote, na theluthi mbili zikikubali, imekwisha. Mlango wa mbele ulibaki na kufuli, lakini wa nyuma ukafunguliwa. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu kwa Ngala. Wajumbe wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali. Wengine walivuka kwa kuamini umoja. Wengine kwa kuona kwamba barabara na shule hujengwa kwa mjumbe aliye karibu na meza. Serikali ikatangaza kwamba itawauliza wananchi kwa kura, iwe jamhuri, na majimbo yapunguzwe nguvu. Ngala akapima. Katika Baraza la Wawakilishi hakuwa na nguvu tena. Katika Seneti ukuta wake ulikuwa ukibomoka tofali kwa tofali. Na kura ya wananchi ingewapambanisha makabila nchi nzima, mwaka mmoja tu baada ya uhuru.

Tarehe 10 Novemba 1964 akasimama bungeni akatangaza ya kuwa KADU imevunjwa, na kwamba yeye na wenzake wanajiunga na serikali. Wajumbe wa KANU wakashangilia. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akiwa rais wake, na kura ya wananchi haikuhitajika tena.

Watu wamebishana sana juu ya siku ile. Wako wasemao ya kuwa Ngala aliwauza wachache waliomwamini, akaacha upinzani bila mtu. Wako wasemao ya kuwa aliiokoa nchi na damu. Mimi naona alitenda jambo ambalo hesabu yake mwenyewe ilimlazimisha. Kufuli lake lilihitaji watu 5 wasioyumba, na katika siasa mpya ya Kenya watu wasioyumba walikuwa wamekuwa adimu. Lakini neno hili nalo lisemwe: wale waliopoteza ukuta hawakuulizwa kama wako tayari kuupoteza. Mfugaji wa Pokot na mkulima wa Taita walisikia habari hiyo baada ya kutendeka.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Mwaka 1965 majimbo yakawa mikoa tu, chini ya amri ya Nairobi, na ile hesabu ya kura 90 katika mia ikaondolewa, ikawekwa hesabu ndogo iliyo sawa kwa mabaraza yote mawili. Mwezi wa Desemba 1966 Bunge likapitisha sheria ya kuunganisha mabaraza mawili kuwa moja. Viti 117 vya kuchaguliwa vikaongezwa 41, vikawa 158, na maseneta wakahamia humo wakawa wabunge kama wengine. Kwa hiyo wengi wao walipiga kura ya kuizika Seneti bila kupoteza kiti, na hilo, nadhani, lilirahisisha mazishi. Ngala wakati huo alikuwa tayari ni waziri katika serikali ile, akiangalia vyama vya ushirika na huduma za jamii. Seneti ya kwanza ya Kenya iliishi miaka mitatu na nusu hivi.

Ngala aliendelea kuwa na nguvu kubwa katika siasa za pwani. Baadaye alipewa wizara ya umeme na mawasiliano. Mwezi wa Desemba 1972 alipata ajali ya gari karibu na Konza, katika njia ya Mombasa na Nairobi, akalazwa hospitali, akafa tarehe 25, siku ya Krismasi. Hakuwa mzee, umri wake ulikuwa kama miaka 50. Kifo chake kilizungumzwa kwa mashaka na watu wengi. Barabara moja kubwa katikati ya mji wa Nairobi inaitwa kwa jina lake, na anayepita huko kila siku huenda hajui alikuwa nani.

Shauri lake halikuzikwa naye. Miaka mingi Kenya ilikaa na Bunge la nyumba moja, kama letu la Tanzania. (Letu nalo lina mapatano yake: Zanzibar ina majimbo 50 ya uchaguzi katika Bunge la Muungano, viti vingi kuliko ambavyo ingepata kwa hesabu ya watu peke yake, kwa sababu iliingia kama nchi wala si kama mkoa.) Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008 Wakenya walipigana kwa ajili ya uchaguzi, watu zaidi ya 1,000 wakafa, na tena jambo la ardhi ya Bonde la Ufa lilikuwa katikati ya ugomvi. Ndipo walipokaa chini kuandika katiba mpya. Wananchi waliikubali kwa kura tarehe 4 Agosti 2010. Katiba hiyo iligawanya nchi katika kaunti 47, kila moja na serikali yake ndogo, na ikairudisha Seneti.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Katika Seneti mpya kila kaunti ilituma mjumbe mmoja wa kuchaguliwa, na wengine 20 waliongezwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya 3,000,000, na Lamu kama 100,000. Nairobi ilituma seneta mmoja, Lamu mmoja, na Kilifi, nchi ya Wagiriama, mmoja.